Mwaka wa Mauaji ya Adabu

Nilifika Kinondoni wanaume wakiwa wameshampeleka Bi Kulsum makaburini. Foleni ya Tegeta haijui msiba wala harusi, na hata kama ningewahi, nisingekwenda huko. Ningebaki sebuleni na wanawake wenzangu kama nilivyobaki. Zehra, binti yake, alinipokea mlangoni amevaa nyeusi tupu, macho yamemvimba, akanikumbatia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Eliwaza, alikuwa anakuulizia mpaka juzi," akanivuta ndani nikae mkekani. Sebule ile naijua kuliko vyumba vya nyumbani kwangu. Ina dirisha la nondo linalotazama uani na feni yenye panga moja lililolegea, na kwa miaka yote ilikuwa na bembea ya mbao iliyoning'inia katikati kwa minyororo, pana kiasi cha kukaa watu wawili na sinia la chai, kama ilivyokuwa desturi katika nyumba za Wahindi wa zamani. Leo walikuwa wameifungua na kuiegemeza ukutani ili mikeka ienee. Niliiangalia ile mbao iliyosuguliwa na makalio ya watu mpaka ikang'aa, na machozi ambayo nilikuwa nimeyazuia tangu nyumbani yakanitoka.

Mwaka ule ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nakaa kwa shangazi yangu mtaa wa nyuma, na sina kazi zaidi ya kufagia uwanja na kusoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Shangazi alikuwa fundi cherehani na Bi Kulsum alikuwa mteja wake. Siku moja akarudi na vitambaa begani akaniambia, "Yule mama wa Kihindi aliyefiwa na mumewe anatafuta mtoto wa kike anayejua Kiingereza. Nimemwambia ninaye mmoja, anakula bure tu." Nilidhani nakwenda kuandika barua za serikali. Nilipofika nikakuta mama mnene, mweupe, amejitanda shuka nyeupe ya eda, amekaa kwenye kiti cha mikono chenye mto wa bluu, kinatazamana na bembea iliyo tupu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanielekeza kigoda. Halafu akanyoosha kidole juu ya kabati la vyombo, ambako vitabu vilikuwa vimepangwa safu moja ndefu, migongo yake imepauka na mingine imebandikwa gundi. "Hivyo vyote," alisema, "viishe kabla mwaka haujaisha."

Mambo yenyewe nilielezwa na Zehra jikoni, huku akikaanga katlesi. Baba yake, Mzee Abbas, alikuwa na duka la vifaa vya umeme, na kila mwaka ulipoanza alikwenda kwa wauza vitabu vya mitumba waliokuwa wakitandaza bidhaa kando ya stendi ya Ubungo, akachagua riwaya za Kiingereza za aina moja tu. Aliziita vitabu vya mauaji ya adabu. Mtu anakufa mapema bila kuchafua zulia, mpelelezi ni bibi muuza keki au mtunza maktaba mwenye paka, na kabla muuaji hajakamatwa kijiji kizima kimeshakunywa chai ya kutosha kuogea. Alivipanga juu ya kabati, kitabu kimoja kwa wiki, mwaka mzima, na kiporo cha kuvuka mwaka kilikuwa haramu. Bi Kulsum alisoma Kigujarati na Kiswahili, Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, kwa hiyo mume alisoma kwa macho na kutafsiri kwa mdomo, akiwa amekaa kwenye bembea, baada ya chai ya alasiri. Wakifika sura ya mwisho alikifunga kitabu. Mkewe akataja muuaji. Ndipo kitabu kikafunguliwa tena. "Na Mama hajawahi kukosea," Zehra alisema, mwiko hewani. "Toka mie mdogo, hata mara moja. Baba alikuwaga anasema huyu mwanamke angezaliwa Ulaya polisi wangekosa kazi."

Mwaka ule Mzee Abbas alikuwa amekufa mapema mno, safu bado haijapungua. Bi Kulsum akawa ndani, hatoki, kwa miezi ile ya eda, na ndugu wa mume walipokuja kumtazama na kunikuta nimeshika kitabu chenye picha ya kisu na birika jaladani, walinikata jicho. Wifi yake mmoja alisema, nikisikia, kwamba mjane anatakiwa kusoma dua, si kusomewa habari za sumu. Bi Kulsum akamjibu taratibu, "Dua nasoma asubuhi. Hivi amevipanga marehemu kwa mkono wake. Unataka nivitupe?" Wifi akamalizia chai yake. Nilimpenda Bi Kulsum tangu siku hiyo, ingawa nilimwogopa pia, maana alikuwa msikilizaji mkali. Katika kutafsiri paroko nilimfanya mchungaji, skonzi zilibaki skonzi, lakini nikianza kueleza theluji iliyofunika mapaa na mashamba alinikatisha. "Watu wamekufa huko, mwanangu, wewe unanieleza barafu." Mara nyingine aliniuliza mchungaji huyo anahubiri saa ngapi ikiwa kutwa anakunywa chai. Nilicheka, yeye hakucheka, macho yake yalikuwa kwenye bembea.

Kitabu cha kwanza tulikimaliza vizuri mpaka mlangoni pa sura ya mwisho. Nikakifunga kama nilivyoelekezwa. Bi Kulsum akafikiri, akazungusha bangili isiyokuwepo mkononi, maana alikuwa amezivua zote, akasema, "Mtu wa posta." Nikafungua. Nikasoma, nikatafsiri kwa uaminifu wote niliofundishwa shuleni, na ikatokea kwamba aliyeua ni mpwa wa daktari. "Una hakika?" aliniuliza. "Ndiyo Bibi, ndivyo ilivyoandikwa." Akaniambia nisome tena hapo, nikasoma tena, maneno yale yale. Akaondoka kitini kwa shida, akaingia jikoni, akafungua bomba, na maji yakawa yanatiririka kwenye sinki bila kugusa chombo chochote. Nilimsikia chini ya sauti ya maji. Analia kama anayejiziba kinywa kwa shuka. Zehra alinifanyia ishara niende tu nyumbani, nami nikaenda, nimebeba kababu zilizofungwa kwenye karatasi na moyo mzito nisioujua sababu yake.

Kitabu cha pili ikawa vile vile. Alitaja mwanamke mwenye bata, kumbe ni muuza maua. Safari hii hakulia, alisema tu kwa upole kwamba basi, ninaweza kuacha, amechoka, vitabu vitabaki hapo hapo. Zehra alinisindikiza mpaka getini na uso umemkunjamana. Alisema mama yake hali vizuri tena, chai anaiacha mpaka inaganda utando, na jana ameulizwa ni siku gani akashindwa kuitaja. "Ile safu ndiyo ilikuwa inamwamsha," alisema. "Ikiishia njiani, sijui." Mimi niliyatafsiri mambo kwa akili ya kitoto: nilidhani mama wa watu anaona akili imemtoka, kwamba mjuzi wa miaka yote sasa hawezi hata kumtambua mpwa wa daktari. Nikamwomba Zehra aniazime vitabu viwili vitatu vya miaka ya nyuma, vilivyokuwa kwenye boksi chini ya kitanda, nione huyu mama alikuwa anashindaje. Akanichagulia ambavyo yeye mwenyewe alivikumbuka, kwa kuwa utotoni alijilaza chini ya bembea akisikiliza. Kimoja aliniambia ni kile ambacho muuaji alikuwa mpishi wa shule. Kingine, fundi saa.

Nilivisoma barazani kwa shangazi, mchana, makombo ya mahindi yakianguka kwenye kurasa. Mpishi wa shule hakuua mtu. Alikuwa mtu mwema mwanzo mpaka mwisho, na muuaji alikuwa mwanasheria. Fundi saa naye hakuwa na hatia. Tena hakuwepo hata mjini siku ya tukio. Nilirudia kurasa za mwisho nikidhani Kiingereza kimenishinda. Halafu nikaelewa, nikabaki nimeshika gunzi mkononi. Mzee Abbas, muuza nyaya na swichi, mtu niliyemwona mara chache tu akifungua duka lake na kunijibu salamu bila kuinua macho, alikuwa kila wiki, mwaka baada ya mwaka, akiisikia hukumu ya mkewe, akafungua kitabu, akaacha kilichoandikwa na kutunga mwisho mwingine papo hapo, wenye ushahidi na maungamo na polisi, ili mkewe awe ameshinda. Sikuwa nimewahi kupendwa na mwanamume wakati huo, na nilikuwa na picha nyingi kichwani za jinsi mapenzi yanavyokuwa. Hiyo haikuwemo.

Kesho yake nilikwenda bila kuitwa, nikachukua kitabu cha tatu juu ya kabati, nikaketi kigodani na kuanza kusoma. Bi Kulsum hakunikataza. Ilipofika siku ya sura ya mwisho akasema muuaji ni mwenye duka la sufi, na mimi nikapiga moyo konde, nikafungua kitabu kilichosema ni kaka wa marehemu, nikaanza kumfunga mwenye duka la sufi. Nilitokwa jasho. Nilimpa deni la zamani, nikampa glavu iliyosahaulika, nikamwangusha ngazini alipokuwa akikimbia. Nilipomaliza, Bi Kulsum akasema, "Soma tena hapo kwenye glavu." Hapakuwa na glavu popote kwenye ukurasa ule. Nikasoma tena, na glavu iliyokuwa ya ngozi ikawa ya kufuma. Alinitazama muda mrefu. Kisha akamwita Zehra alete chai na biskuti za nankhatai, akaniambia, "Hicho kigoda kitakuumiza mgongo. Kaa pale." Alikuwa anaonyesha bembea. Hakuna aliyekuwa ameikalia tangu msiba. Nikakaa pembeni kabisa, minyororo ikalia, na yeye akafumba macho kuisikiliza.

Hivyo ndivyo tulivyoumaliza mwaka ule. Eda ikaisha, shuka nyeupe ikavuliwa, lakini hakuwa mtu wa kutoka sana. Muharram ilipoingia tuliacha kusoma siku zote za maombolezo, kisha tukaongeza kasi kufidia. Nikawa fundi wa uongo. Nilijifunza kusoma kitabu nyumbani kwanza, kuhifadhi kila mtu alikuwa wapi, ili atakayetajwa niwe na kamba ya kumfungia. Na yeye akawa anazidi kunibana. Alitaja watu wasiowezekana: askari mwenyewe, mzee wa kiti cha magurudumu, mara moja hata mtoto mchanga wa kubatizwa. Nilihangaika kwenye bembea ile mpaka kinywa kikakauka, na nikafurahi kila nilipomwona ameanza tena kula vizuri, anavaa bangili, anamtania Zehra kuhusu wachumba. Nilijiona nimemwokoa mtu, na yeye hana habari. Ujana una raha zake.

Kitabu cha mwisho kilikuwa na kijiti cha kiberiti kati ya kurasa zake za mwisho. Kilikuwa kimelazwa peke yake mwisho kabisa wa safu, nami nilidhani ni alama tu ya mwisho wa mwaka. Bi Kulsum alikichukua yeye mwenyewe, akakiweka mapajani. "Hiki alikuwa anakisoma," alisema. "Tulifika kwenye kijiti. Nilishamtaja muuaji, akaniambia, mama Zehra, leo umenibana, nipe mpaka kesho. Asubuhi akasali, akakaa kitandani kuvaa viatu, akainama, hakuinuka." Alipapasa jalada. "Nilimtaja mpiga kengele wa kanisa." Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho. Ni bibi tajiri aliyekufa kwa sumu kwenye jemu, na mpiga kengele alikuwa mzee aliyejifia kwa uzee na kuzikwa kabla hata jemu yenyewe haijapikwa. Nikamwangalia. Akatabasamu, tabasamu la kwanza la mwaka mzima lililofika machoni. "Mwanangu, Abbas akisoma kweli, macho yalikwenda na kurudi. Akianza kutunga, aliangalia dirishani. Nilijua toka mwaka wa kwanza wa ndoa. Na wewe ukitunga unakuna sikio."

Nilitamani ardhi inimeze. Alinishika mkono. Alisema hakuwa akibahatisha muuaji hata siku moja. Alikuwa akitafuta mtu asiyewezekana, ili asikie mumewe atatokaje, na mumewe alijua kwamba yeye anajua, na hawakuwahi kuliongea. Hayo yalikuwa mazungumzo yao. "Basi siku ile ulilia nini, Bibi?" nilimuuliza. "Ulilia bombani." Akaliangalia tena lile jalada. "Mtu akikufia, nyumba inajaa. Wanapika, wanasoma, wanakulaza, wanakuamsha, unaona kama ni shughuli ya mtu mwingine. Nilikuwa sijalia vizuri. Wewe ukaja, nikakwambia mtu wa posta, ukafungua kitabu ukasoma kilichoandikwa." Aliurudisha mkono wangu mapajani mwangu. "Ndipo nikajua Abbas amekufa." Zehra alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hakuingia. Nakumbuka chai ilivyonukia iliki.

Akaniomba basi nitunge mwisho ambao mpiga kengele ndiye muuaji. Mwaka ulikuwa unaisha. Nilijaribu: nikasema mzee hakufa, walizika jeneza lililojaa mawe. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akasema, "Umejitahidi. Lakini hiyo ni ya vitabuni. Abbas angetokea mlango mwingine." Nikaenda chuo, nikawa mwalimu, nikahamia Tegeta, nikaolewa na kuzaa, na kila Idi nilipokuja kumsalimia aliniuliza kabla ya kunikaribisha chai, "Umeupata mlango?" Nilimletea pacha wa mpiga kengele. Nilimletea hata mzimu wake. "Ah-ah. Yeye hakupenda mizimu." Ilikuwa utani wetu, lakini nilijua pia kwamba haukuwa utani. Kulikuwa na kesho moja aliyoahidiwa na mumewe ikawa haikuja, na alitaka kuisikia kabla hajamfuata. Nami nilitaka kumpa. Miezi hii ya mwisho, saratani ilipomlaza, nilikuja kila nilipopata nafasi, na nilimwona alivyokuwa. Alituomba tumgeuze, tukimgusa anatuomba tusimguse. Wiki iliyopita alikuwa akiuma ncha ya mto wake wa bluu ili majirani wasisikie. Hata katika hali hiyo aliniangalia, akainua nyusi, akiuliza. Nikatikisa kichwa kwamba bado.

Nilikuwa nimekaa mkekani nikiyawaza hayo wakati simu ya Zehra ilipolia. Alikuwa Mohsin, kaka yake, anayeishi Kanada, ambaye ndege yake ingefika maziko yakiwa yamepita. Zehra akaweka sauti ya nje ili wote wamsikie. Mohsin alikuwa anauliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. "Mama aliteseka?" Zehra, ambaye alimshika mama yake siku zile zote mpaka mikono ikamchubuka, akasema, "Hapana. Alilala tu." Wifi yule yule wa zamani, sasa kikongwe, akadakia, "Kama mtoto, Mohsin. Alisoma shahada, akalala." Jirani akasema ndiyo, uso wake ulikuwa na nuru. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wanawake wale hawakuwa wamekaa kikao wala kupanga, ila kila mmoja alijua sehemu yake, hata yule aliyegawa maji akaitikia. Mohsin akasema, "Da Eliwaza yupo? Mpe simu. Yeye ni mwalimu, hatanificha." Simu ikaja mkononi mwangu. Tasbihi zikasimama.

"Mohsin, pole sana," nilisema. "Hakuteseka. Alilala tu." Upande wa pili akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na Zehra akanishika goti akalibana. Nikamrudishia simu. Nilijikuta ninakuna sikio, na hapo hapo nikauona mlango. Mpiga kengele hakuua. Kulikuwa na mtu pale kijijini, maskini wa Mungu, aliyekosea chupa jikoni, na watu wote walimjua: mchungaji, askari, bibi wa keki. Wakatazamana, wakamtwika mzee aliyekwisha kuzikwa, kwa sababu maiti haulizwi, na aliye hai bado ana siku za kuishi. Hakuna aliyepanga. Kila mmoja aliitikia tu. Huo ndio mlango ambao Mzee Abbas angetokea, maana ndio aliokuwa akiutumia maisha yake yote. Nikageuka upesi kumwambia, neno "Bibi" likiwa limeshafika mdomoni. Kiti cha mikono hakikuwepo. Walikuwa wamekitoa nje asubuhi, wanaume wapate pa kukaa.